Jinsi Ng'ombe wa Chepyegon Walivyoishia Bomet

Ukitaka kumjua Chepyegon vizuri, usianzie nyumbani kwake karibu na Kaplong. Pale utaona majani ya chai tu, yamekuja mpaka mlangoni pa jikoni, na ng'ombe mmoja wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, amefungwa bandani anatafuna nyasi za nepia, na utasema, aa, mkulima kama wengine. Anzia Mulot, kule mvua inakopungua na nchi inakofunguka kuelekea Narok. Huko ndiko ilikokuwa mali yake, na huko ndiko alikokuwa akienda kila Desemba amevaa koti lake la kanisani, akirudi uso umenawiri.

Ng'ombe wake walikaa Mulot kwa rafiki yake Kiptum, na wachache kwa watu wengine wawili huko njiani. Wala hilo si jambo la ajabu. Wakipsigis wanaliita kimanagan: unampa rafiki ng'ombe akutunzie, maziwa anakunywa yeye na watoto wake, ndama ni wako. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki mahali pamoja, ili ugonjwa au ukame ukija usimmalize. Hakuna karatasi, hakuna wakili. Ng'ombe akifa, mtunzaji anakuletea ngozi uione kwa macho yako, ujue amekufa kweli na hakuuzwa sokoni. Na wewe mwenye ng'ombe una adabu yako pia. Huendi kuhesabu kila mwezi kama polisi. Na nyumba ya mtunzaji ikiwa na msiba au shida, humdai ng'ombe wako siku hiyo, hata uwe na haja naye namna gani. Ukimdai, utasemwa mpaka wajukuu wako waambiwe.

Kiptum na Chepyegon walitahiriwa msimu mmoja. Wakiwa vijana walipalilia pamoja kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, wakilala chumba kimoja na kupikia sufuria moja. Kisha Kiptum akarudi Mulot kwenye ardhi ya baba yake, akakuta ndigana, ule ugonjwa wa kupe, imemaliza ng'ombe wote. Chepyegon alipopata habari aliswaga mtamba mmoja kwa miguu kutoka Kaplong mpaka Mulot, akamkabidhi na kusema, "Kaa na huyu." Basi, hayo tu. Kutoka kwa mtamba huyo walitoka karibu wote waliofuata. Watoto wa Kiptum walikua kwa maziwa hayo, na Chepyegon alipowaona wakikimbizana uwanjani alipata raha ambayo hata bonasi ya chai ya kila mwaka haikuwahi kumpa. Alimpenda Kiptum. Wanaume wa kule hawasemi maneno ya namna hiyo, lakini alimpenda.

Halafu ikaja hiyo habari ya soko huria. Mwaka wa tisini na moja redio ilitangaza kwamba benki sasa zitajipangia riba zenyewe, serikali imeondoa mkono wake. Kwenye kituo cha kupimia majani, watu wakisubiri lori la kiwanda na vikapu vyao miguuni, walibishana wee. Mmoja alisema ni wazungu wanaotukopesha ndio wamelazimisha. Mwingine akasema ni vizuri, pesa za maskini nazo zitapata bei. Wote wawili hawakuwa wamekosea. Lakini hakuna aliyeuliza ni nani atakayekuwa akiingia kwenye hizo ofisi mpya kuangalia kama pesa za watu zipo. Na hata angeuliza, nani angemjibu pale, karani wa mizani?

Haukupita muda, Bomet ikajaa vibao. Kimoja kiliandikwa Mwangaza wa Bonde, Akiba na Mikopo. Ofisi ilikuwa juu ya duka la misumari na mabati, imepakwa rangi ya kijani, imetandikwa zulia, na kila aliyeingia, hata akiwa na gambuti zenye matope, aliletewa kikombe cha chai ya maziwa. Weh! Benki kubwa za mjini zilikuwa zikimtazama mkulima kama amekuja kuiba saa ya ukutani. Hapa mkulima alipewa kiti.

Meneja wake alikuwa Weldon, kijana wa kwao, mwenye tai na maneno laini. Baba yake alitahiriwa pamoja na Chepyegon, kwa hiyo kidesturi Weldon alikuwa mtoto wa Chepyegon pia. Jumapili moja alimngoja mzee nje ya kanisa, akamsalimia kwa mikono miwili.

"Baba, hawa ng'ombe wa Mulot wanakupatia nini kwa mwaka?"

"Ndama."

"Na kupe? Na ukame? Na wezi?"

"Hao pia wako," Chepyegon akakubali.

Weldon akacheka. "Sasa sikiza, baba. Hii yetu ni kimanagan tu. Wewe unatupatia pesa, sisi tunakunywa maziwa kidogo, ndama ni yako. Na ndama yetu haifi. Kila mwaka pesa yako inazaa karibu theluthi yake. Ukileta kidogo, riba ni ya kawaida. Ukileta nyingi mara moja, tunakupandishia."

Kijana hakuwa tapeli, tuelewane. Alikuwa akiamini alichokisema, na mama yake mzazi alikuwa ameweka humo pesa zake za kuku. Lakini neno lile, kimanagan, ndilo lililommaliza Chepyegon. Alipolisikia alijiona anajua kila kitu: nani anakunywa, nani anazaliwa, mtu anatakiwa kuwa na adabu gani. Akaacha kuuliza mengine.

Mkewe Chepkurui hakukubali. "Baba Nelvine," alimwambia, maana binti yao wa kwanza anaitwa Nelvine, "uza wale wa kwa watu wengine. Wa Kiptum waache."

"Weldon anasema lazima pesa zifike kiasi, ndio riba ipande."

"Basi acha hata mmoja, wa maziwa ya watoto."

"Nitawapelekea wawili wa gredi. Ni miaka mitatu tu, Chepkurui."

"Na hiyo miaka mitatu watakunywa nini? Riba?"

Chepyegon alicheka sana siku hiyo, akasema mke wangu huyu ana mdomo. Miaka mingi baadaye alikuwa akikumbuka kicheko kile na kuona aibu, hata akiwa peke yake shambani.

Alipofika Mulot kuwachukua, Kiptum hakumwuliza kwa nini. Alichukua fimbo akaenda kuwakusanya mwenyewe, akiwaita kwa majina. Drusilla, mke wa Kiptum, alimmiminia mgeni mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa majivu, kibuyu kizima, yale ya mwisho, mpaka yakabaki majivu chini. Chepyegon aliona haya. Akaanza kueleza juu ya ofisi ya kijani, riba, na serikali kuondoa mkono. Kiptum alimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Mimi mambo ya ofisi sijui," akasema. "Ng'ombe ni yako."

Hapo Chepyegon akasimama. Hakuna aliyemlazimisha kusema alichosema. "Ndugu yangu, mwaka wa tisini na tano nitasimama kwa hii boma na ng'ombe wawili wa gredi, wa kukamua debe. Watakaa hapa kwako mpaka tuzeeke mimi na wewe. Nimesema mbele ya Mungu, na mama watoto wako amesikia."

Kiptum akatabasamu. "Sawa. Nitangoja."

Ng'ombe wakauzwa sokoni pale pale Mulot. Madalali walipokuwa wakiwapaka alama za rangi mgongoni, Chepyegon alitazama upande wa barabara. Wale wa kwa marafiki wengine wakauzwa wiki hiyo hiyo. Pesa zote zikaenda Bomet zimefungwa ndani ya leso ya Chepkurui, na Weldon akazipokea kwa mikono miwili na kuagiza chai.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu, ole wake. Riba iliingia vile vile kama ilivyosemwa. Chepyegon akaanza kutembea kifua mbele. Kituoni aliwaeleza wenzake, na wenzake walimwamini kwa sababu hajawahi kumdanganya mtu hata juu ya uzito wa kikapu. Hakuwaita, lakini walimfuata. Mwalimu mmoja aliuza ploti. Wajane walipeleka bonasi zao. Jirani yake Obonyo, aliyetoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi ya boila kiwandani, alipeleka akiba ya kujengea nyumba kwao. Ikawa mtu akiulizwa, "Hiyo Mwangaza ni ya nani?" anajibu, "Ni pale anapoweka mzee Chepyegon."

Naye mzee Chepyegon hakujua pesa zinakokwenda. Pesa hazikulala Bomet hata usiku mmoja. Zilikwenda Nairobi kwa wenye kampuni, na wenye kampuni wakajikopesha wenyewe, wakawakopesha mashemeji, wakajenga magorofa yaliyofika ghorofa ya pili yakasimama hapo na vyuma vyake vikichungulia. Nani mwingine angekopa kwa riba ya juu hivyo? Mwenye biashara ya kweli alikimbia. Alibaki yule asiye na nia ya kulipa, ambaye kwake riba yoyote ni sawa. Na riba waliyolipwa watu wa Kaplong ilikuwa ni pesa za watu wengine wa Kaplong waliokuja nyuma yao.

Tisini na tatu shilingi ikaanguka. Mbolea ikapanda bei mpaka watu wakawa wanaigusa dukani na kuirudisha. Kila mtu akataka kutoa kidogo, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Eucabeth, mke wa Obonyo, aliyeuza omena sokoni Kaplong, alisikia kwamba hundi ya yule mwalimu imekataliwa. Hakungoja jioni. Siku iliyofuata yeye na mumewe walikuwa Bomet asubuhi, na jioni Obonyo akaja kwa Chepyegon akisukuma baiskeli.

"Mzee, kuna maneno. Sisi tumetoa yetu leo. Wametusumbua, lakini wametoa. Wewe nenda kesho, usichelewe."

"Unasema nyumba ya Weldon ina shida?"

"Shida kubwa."

"Basi siwezi kwenda kumdai."

Obonyo alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Mzee Chepyegon, hii si boma ya mtu. Ni kampuni."

"Ni kijana yangu."

"Haya. Mimi nimekwambia," Obonyo akasema, na akabaki amesimama kidogo, kwa sababu alimheshimu mzee na moyo ulikuwa unamuuma.

Chepyegon alikwenda Bomet kweli. Alikwenda kumpa Weldon pole, kama mtu anavyokwenda kwenye nyumba yenye msiba. Alikuta foleni imeteremka ngazi mpaka barabarani, watu kutoka Sotik, Longisa, kila mahali, na wengi aliwajua. Weldon alitoka amelegeza tai, macho mekundu, akamvuta pembeni.

"Baba, ukitaka yako nitakupatia sasa hivi, mlango wa nyuma. Lakini hawa wakikuona umetoa, hatutamaliza leo."

Jamani, alipewa! Msiniambie hakuwa na nafasi. Alipewa mkononi, angesema ndiyo tu na ng'ombe wa Kiptum wangerudi nyumbani. Lakini kwake lilikuwa jambo lisilofikirika, kumkamua mtu aliyeanguka. Akageuka kwa wale watu wa foleni, akasema kwa sauti ambayo hakuitumia hata kanisani:

"Mimi ni Chepyegon wa Kaplong. Pesa yangu iko hapa na inabaki hapa. Mtu asimwue kijana kwa sababu ya uvumi."

Foleni ikanung'unika, ikayumba, kisha ikaanza kupungua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitia kitabu chake cha akiba kifuani akashika njia ya sokoni. Wengine wakamfuata. Weldon alilia kwa kushukuru. Na Chepyegon, Mungu amsamehe, alirudi nyumbani akiwa na furaha.

Kabla ya wiki kuisha, ofisi ilikuwa na kufuli na askari wawili. Chini, mbele ya duka la misumari, afisa kutoka Nairobi aliweka meza akawa anaandika majina ya waliopoteza. Zamu ya Chepyegon ilipofika hakutaja jina lake.

"Ngozi iko wapi?" akauliza.

"Ngozi gani, mzee?"

"Ng'ombe ikikufa kwa mtu, analeta ngozi. Nionyeshe. Nyumba, gari, kitu yoyote imebaki. Nijue imekufa kweli na hakuna mtu ameuza."

Waliokuwa nyuma yake hawakucheka. Afisa alikuwa kijana, amechoka, na labda naye alikuwa na baba mahali fulani. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, nitakwambia ukweli. Benki ikianguka kuna mfuko wa kulipa watu kidogo. Lakini hii haikuwa benki. Iliandikishwa kama jumuiya ya kujengea watu nyumba, na sheria yake ni nyingine. Soko lilifunguliwa haraka sana. Wakaguzi walikuwa wachache, na hizi za aina hii hazikuwa hata kwa kazi yao."

"Kwa hivyo hakuna ngozi."

"Hakuna, mzee. Pole sana."

Hapa hasira hunipanda, na sioni sababu ya kuificha. Si kwamba kufungua soko ni dhambi. Hata kimanagan ni soko huria, ukifikiri. Hakuna chifu anayempangia mtu ampe nani ng'ombe wake. Lakini ina mambo yake yaliyokatazwa, na macho ya majirani, na mtunzaji anaishi pale pale ambapo unaweza kumfuata kwa miguu. Wale wakubwa waliondoa sheria za zamani kwa siku moja, wakasema mpya zitakuja, na katikati ya hizo mbili wakamwacha mzee wa Kaplong na pesa ya ng'ombe ndani ya leso. Wenye magorofa Nairobi hawakuulizwa kitu. Weldon alionekana siku chache akikaa kwenye ngazi za ofisi bila tai, kisha akapotelea Nakuru, na mama yake akabaki na banda la kuku tupu.

Waliokuwa wamemsikiliza Chepyegon siku ya foleni hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Walimsalimia, wakauliza hali ya majani, wakaenda zao. Yeye mwenyewe alitoka kwenye kiti cha wazee wa kanisa akawa anakaa nyuma, karibu na mlango. Akimwona yule mama wa mtoto mgongoni, alikata njia kupitia katikati ya chai.

Na Mulot je? Mulot hakwenda, wala hakutuma neno.

Mwanzoni alijiambia angoje, huenda serikali italipa. Kisha akajiambia angoje bonasi, anunue hata mtamba mmoja, aende na kitu mkononi. Bonasi ikaja ikamezwa na mbolea na karo. Desemba ikapita, na nyingine ikapita, na koti la kanisani likabaki msumarini. Onyancha, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa akipita Mulot na kushukia Kaplong, alimletea salamu.

"Kiptum anakusalimia. Anasema hana haraka."

"Mwambie niko njiani," Chepyegon akajibu.

Mwaka wa tisini na tano ukafika, ule alioutaja mwenyewe mbele ya Mungu. Onyancha akaleta salamu zile zile, neno kwa neno. Chepyegon akampa jibu lile lile, neno kwa neno, na Chepkurui aliyekuwa akipanga vikapu alisimama akamtazama.

Mwanzoni mwa tisini na saba Onyancha alikuja tena, na safari hii alivua kofia kabla ya kuzungumza. Kiptum alikuwa ameugua kifua, siku chache tu, akafa. Mazishi ni Jumamosi.

Chepyegon alilia kwa sauti, mzee mzima, pale pale kwenye kituo cha majani. Jumamosi alivaa koti, akafika stendi ya Kaplong mapema. Magari ya Bomet yalijaa yakaondoka, mengine yakajaa, naye amesimama. Alikuwa amekumbuka kwamba mazishi yakiisha wazee husimama mbele ya watu wote na kuuliza: ni nani anadaiwa na marehemu, na ni nani marehemu alikuwa akimngoja. Akilini alimwona Drusilla akiinua uso kumtafuta katikati ya watu. Akageuka. Alirudi nyumbani, na Chepkurui akamkuta ameketi mwishoni mwa shamba amevaa koti lake, mikono imelala tu.

"Umetoka Mulot saa hii?"

Chepkurui akaelewa, akakaa kando yake, wakalia pamoja. Lakini huruma ya mke nayo ina mwisho. Miezi ikapita, na mvua ya masika ilipopungua alimwekea koti kitandani, na juu yake kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya kiwandani.

"Nenda," akasema. "Usipoenda wewe, nitaenda mimi, na nitasema yote."

Alimkuta Drusilla uani akipepeta mahindi. Alikuwa amekonda. Chepyegon akamsalimia, "Chamgei," na Drusilla akainuka, lakini kabla ya kuitikia alitazama nyuma ya bega la mgeni, barabarani, akatazama kwa muda. Kisha akamtazama yeye.

"Mising, Baba Nelvine. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

Akamkaribisha kiti, akachukua sukari akashukuru, akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na kikombe cha chai, nyeusi.

"Utanisamehe, ni ya rangi. Tangu wale waende hatujapata wengine," akasema, bila lawama yoyote. "Kwenye mazishi hatukukuona. Tulijua kuna kitu kimekuzuia. Marehemu alikuwa amesema, Chepyegon asipofika, mtu yeyote asimseme vibaya."

Chepyegon alifungua mdomo. Maneno aliyoyapanga tangu Kaplong yalikuwa hapo kwenye ulimi, lakini Drusilla alikuwa amekwisha kusimama.

"Njoo kwanza uone kitu."

Akampeleka nyuma ya nyumba. Pande zote ardhi ilikuwa imelimwa kwa trekta kwa ajili ya ngano, udongo mtupu mpaka kule kwenye vilima. Shamba la Kiptum tu ndilo halikulimwa. Lilikuwa limezungushiwa miiba, na ndani nyasi zilifika kiunoni. Zile za miaka iliyopita zilikuwa zimekauka na kulala chini, na mpya zimeota juu yake. Hakuna mdomo uliokuwa umezigusa.

"Watu wa ngano walikuja kukodi hapa tisini na nne," Drusilla akasema. "Wakarudi mwaka uliofuata, wakaongeza pesa. Majirani wote walikodisha. Yeye alikataa. Alisema ng'ombe ya Chepyegon itafika imechoka na safari, isikute udongo. Hata mbuzi zetu alikuwa anazifukuza hapa, na tulikuwa tunagombana naye." Akacheka kidogo, kicheko cha mjane. "Sasa niambie wanakuja lini, maana ua umeanza kuoza na mimi siwezi kukata miiba kama yeye."

"Hawaji, Drusilla." Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Hakuna ng'ombe. Ile ofisi ilifungwa, pesa yote ikapotea."

"Lini?"

"Tisini na tatu."

Midomo ya Drusilla ilikuwa ikisogea, na Chepyegon alijua anachohesabu.

"Kwa hivyo watu wa ngano wakikuja mara ya kwanza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na zile salamu za Onyancha?"

"Nilizipata zote."

"Ungetuambia, baba." Hakupiga kelele. Angepiga kelele Chepyegon angeshukuru. "Hatungekukasirikia. Si ni wewe ulitupatia ya kwanza? Ungesema tu, hakuna. Angekodisha shamba, tungenunulia watoto maziwa, na yeye asingekufa akikungoja."

Kisha machozi yakamshuka. Akayafuta kwa kiganja cha mkono, akaenda langoni pa ule ua akaanza kuvuta miiba, tawi moja baada ya lingine, akiitupa kando na kuwaita mbuzi. Chepyegon alivua koti, akasogea kumsaidia.

"Acha," Drusilla akamwambia. "Nitafanya mwenyewe."